Je, uhalifu umo damuni? Maswali yanayoulizwa mara kwa mara

Nafundisha saikolojia, na tukifika kwenye maelezo ya kibaiolojia ya uhalifu mikono hunyooka darasani kuliko somo lingine lolote. Hata wale wa nyuma wanaojificha kwenye simu huamka. Maswali ni yale yale kila mwaka, na mengi nayasikia pia msibani, kwenye daladala na kwenye vikao vya harusi. Nimeyaandika hapa jinsi yanavyonijia, na majibu jinsi ninavyoyatoa.

Kuna mtu anayezaliwa mhalifu?

Hapana. Mtu huzaliwa na mwili: ubongo, homoni, jeni (maagizo ya urithi tunayopata kwa wazazi), moyo unaodunda haraka au taratibu. Uhalifu hautokani na mwili peke yake, kwa sababu uhalifu ni jambo la sheria. Mama anayepika gongo uani kwake Tanzania anavunja sheria. Konyagi inauzwa dukani na risiti unapewa. Hakuna jeni inayojua tofauti hiyo.

Wanachochunguza wanasayansi hasa ni vitu vilivyo nyuma ya baadhi ya makosa: hasira za ghafla, kutojizuia, kutoogopa adhabu, kutoguswa na maumivu ya mwenzio. Hivyo, ndiyo, vina mizizi mwilini kwa kiasi fulani. Ukisoma mahali kwamba "uhalifu unarithiwa", uliza kwanza: uhalifu upi?

Wazo hili lilianzia wapi?

Mtu anayetajwa zaidi ni daktari wa Italia, Cesare Lombroso. Pitisha mkono nyuma ya kichwa chako, pale kisogoni. Kwa ndani ya fuvu, mahali hapo, watu wengi wana ukingo mdogo wa mfupa. Lombroso alipolipasua fuvu la Giuseppe Villella, mtu wa Calabria aliyefungwa kwa wizi na kufariki Pavia mwaka 1864, hakukuta ukingo. Alikuta kishimo laini, mfano wa vile vinavyoonekana kwa baadhi ya wanyama. Baadaye alisimulia kwamba ilikuwa kama kuona uwanda mpana ukiangaziwa ghafla chini ya anga linalowaka: mhalifu ni binadamu wa kale aliyerudi, mtu aliyebaki nyuma katika safari ya mageuzi.

Kitabu chake kilitoka 1876. Ndani yake mhalifu ana taya kubwa, mifupa ya mashavu iliyochomoza, masikio makubwa, mikono mirefu, hasikii maumivu sana, anapenda kuchanja michoro mwilini. Kwa miaka mingi Ulaya na Marekani walimsikiliza. Angalia lakini alivyofanya kazi: alikwenda magerezani na kwenye hospitali za wagonjwa wa akili, akapima waliokuwamo. Wezi ambao hawajakamatwa hakuwapima. Mafisadi hakuwapima. Na huyo Villella alitoka kusini mwa Italia, eneo maskini ambalo watu wa kaskazini walikuwa tayari wanalidharau. Fuvu lilithibitisha walichokuwa wakikiamini kabla ya kulifungua.

Daktari wa magereza Uingereza, Charles Goring, alichukua miaka mingi kupima wafungwa zaidi ya 3,000 na kuwalinganisha na watu wasio wafungwa. Mwaka 1913 alichapisha matokeo: hakuna umbo la mhalifu. Wafungwa walikuwa wafupi na wepesi kidogo, na kwa vipimo vyake akili zao zilikuwa chini. Hayo ya ufupi na wepesi, mtu aliyekulia kwenye njaa hahitaji nadharia kuyaelewa.

Lombroso alifariki 1909. Aliusia mwili wake uhifadhiwe, na mifupa yake imesimamishwa katika makumbusho aliyoyaanzisha Torino. Fuvu la Villella nalo limo humo humo. Mji alikozaliwa Villella ulikwenda mahakamani kudai fuvu hilo lizikwe, ukashindwa.

"Mtoto wa nyoka ni nyoka." Si kweli?

Wazee wetu ndio hao hao waliosema "mwana umleavyo ndivyo akuavyo", kwa hiyo methali peke yake haitumalizii ubishi. Twende kwenye hesabu.

Njia ya kwanza ni mapacha. Mapacha wanaofanana hutokana na yai moja, jeni zao ni zile zile. Wasiofanana ni kama ndugu wa kawaida waliozaliwa siku moja. Mjerumani Johannes Lange alichapisha utafiti mwaka 1929: kati ya jozi 13 za wanaofanana ambao pacha mmoja alifungwa, jozi 10 hata mwenzake alikuwa amefungwa. Kwa wasiofanana, ilikuwa jozi 2 kati ya 17. Takwimu za kutisha, lakini jozi zenyewe ni chache mno, na mapacha alikuwa akiwatafuta magerezani. Aliyeenda jela na ndugu yake huonekana upesi. Ambaye pacha wake ni fundi cherehani mtulivu kijijini hakuna anayemkumbuka.

Mdenishi Karl Christiansen alifanya vizuri zaidi. Alitumia daftari la mapacha la Denmark, jozi 3,586, bila kujali nani kafungwa na nani hajafungwa. Kwa wanaume, mmoja akiwa na hatia, mwenzake naye alikuwa nayo kwa asilimia 35 kwa wanaofanana na asilimia 13 kwa wasiofanana. Tofauti ipo, ila imepungua sana ukilinganisha na ya Lange. Na fikiria: jeni ni zile zile kabisa, lakini mara nyingi mmoja anavunja sheria na mwenzake hapana.

Njia ya pili ndiyo naipenda zaidi: watoto wa kuasili. Mtoto amezaliwa na wazazi hawa, amelelewa na wale. Sarnoff Mednick na wenzake walichapisha mwaka 1984 uchambuzi wa watoto 14,427 walioasiliwa Denmark kati ya 1927 na 1947. Kwa watoto wa kiume ambao si wazazi waliowazaa wala waliowalea waliokuwa na hatia, asilimia 13.5 walipatikana na hatia. Wazazi walezi peke yao wakiwa na hatia, 14.7. Wazazi waliowazaa peke yao, 20. Wote, 24.5.

Soma hizo namba polepole. Damu ina mchango, usidanganywe na anayesema haina. Lakini kati ya wavulana 100 waliozaliwa na mzazi mwenye hatia na kulelewa na watu wasio nayo, 80 hawakupatikana na kosa. Tena uhusiano huo ulionekana kwenye makosa ya mali, wizi na mengineyo. Kwenye makosa ya kuumiza watu haukuonekana. Watu wengi hudhani ni kinyume chake.

Na ile kromosomu ya Y ya ziada?

Hii imekufa, ila vitabu vya kiada bado vinaibeba. Kromosomu ni nyuzi zinazobeba jeni, na mwanaume kwa kawaida ana X moja na Y moja. Karibu mmoja kati ya 1,000 huzaliwa na Y mbili. Mwaka 1965 Patricia Jacobs na wenzake walipima wagonjwa wa hospitali yenye ulinzi mkali huko Carstairs, Scotland, wakakuta wanaume 7 kati ya 197 wana XYY. Magazeti yakaibuka na "mwanaume wa ziada". Richard Speck alipoua wanafunzi wanane wa uuguzi Chicago mwaka 1966, ikasambaa kwamba naye ni XYY. Alipopimwa alikutwa ni XY wa kawaida, lakini uvumi ulishatangulia.

Mwaka 1976 kundi la Herman Witkin lilitoka nje ya hospitali na magereza. Walipima wanaume warefu wa Copenhagen 4,139, kwa sababu wenye XYY huwa warefu. Waliwapata 12. Watano kati yao walikuwa na hatia, kiwango kikubwa kuliko wengine, lakini mengi yalikuwa makosa madogo madogo, si ya kumwaga damu, na yalielekea kuhusiana na kufanya vibaya kwenye vipimo vya akili. Huenda walikuwa wanakamatwa tu kwa urahisi.

"Jeni ya vita" ni nini, na ninaweza kupimwa?

Jina hilo silipendi. Jeni yenyewe inaitwa MAOA, iko kwenye kromosomu X, na kazi yake ni kutengeneza kimeng'enya kinachovunjavunja kemikali za kupeleka ujumbe ubongoni (serotonini, dopamini na noradrenalini) zikishamaliza kazi. Mwanaume ana X moja tu, kwa hiyo ikiharibika hana akiba.

Mwaka 1993 Han Brunner na wenzake wa Uholanzi walieleza kuhusu ukoo mmoja ambao wanaume kadhaa walikuwa na MAOA isiyofanya kazi kabisa. Walikuwa na akili iliyo chini kidogo na milipuko ya ghafla: mmoja kuchoma moto, mwingine kujaribu kubaka. Kinachonigusa ni kwamba miaka 30 kabla ya maabara, jamaa mmoja wa ukoo huo alikuwa ameshakaa chini na kuchora mti wa familia, akiwaunganisha wanaume wenye matatizo na mama zao. Hali ya kukosa kimeng'enya kabisa namna hiyo ni nadra mno duniani.

Inayozungumzwa zaidi ni aina ya MAOA inayofanya kazi kwa uvivu, na hiyo si nadra hata kidogo. Huko Dunedin, New Zealand, watafiti wanafuatilia watoto 1,037 waliozaliwa 1972 na 1973. Katika uchambuzi wa wavulana 442 uliochapishwa 2002, 163 walikuwa nayo, zaidi ya theluthi. Kama ingekuwa jeni ya uhalifu, mji ule ungeshaungua. Avshalom Caspi na wenzake waligundua kwamba jeni hiyo peke yake haikubadilisha mengi. Ila aliyekuwa nayo na tena akateswa utotoni, kwa kupigwa, kutelekezwa au kunajisiwa, ndiye aliyekuwa hatarini. Wavulana wenye yote mawili walikuwa asilimia 12 ya kundi, lakini walibeba asilimia 44 ya hukumu za makosa ya ukatili.

Kuhusu kupimwa: ukijua unayo, utafanya nini? Kutomtesa mtoto hakuhitaji kipimo cha maabara.

Ubongo ukiumia, mtu anaweza kubadilika akawa mhalifu?

Tabia inaweza kubadilika, hilo halina ubishi. Septemba 1848, huko Vermont, Marekani, chuma cha urefu wa mita 1 na ushei kilipenya kwenye shavu la msimamizi wa ujenzi wa reli, Phineas Gage, kikatokea utosini. Alipona, lakini waliomfahamu walisema si yule tena: mtukanaji, hana subira. Wanafunzi hupenda kumweka kwenye kundi la wahalifu. Hakuwa. Alikwenda Chile akaendesha magari ya farasi kwa miaka, kazi inayotaka utulivu, akafariki 1860.

Kisa kinachouma kichwa zaidi ni cha mwalimu wa Virginia aliyekuwa na miaka 40. Ghafla alianza kukusanya picha chafu za watoto, kisha akamsogelea binti wa mkewe kwa nia mbaya. Alipatikana na hatia. Usiku wa kuamkia hukumu alikimbizwa hospitali kichwa kikimpasuka, wakakuta uvimbe mkubwa umekandamiza sehemu ya mbele ya ubongo, juu ya jicho la kulia. Ulipotolewa, zile tamaa zikaisha. Miezi ikapita, kichwa kikaanza tena na tamaa zikarudi. Wakapiga picha: uvimbe umeota upya. Wakautoa, akatulia. Madaktari waliomtibu walikichapisha kisa hicho 2003.

Sehemu hiyo ya mbele ndiyo breki. Mwaka 1997 Adrian Raine alichapisha picha za bongo za watu 41 walioshtakiwa kwa mauaji California na waliokuwa wakijitetea kwa ugonjwa wa akili, pamoja na watu wengine 41 wa umri na jinsia ile ile. Kila mmoja alidungwa sukari yenye mionzi hafifu, akakaa mbele ya skrini kama nusu saa akibonyeza kitufe tarakimu fulani ikitokea. Kazi ya kuchosha kweli, ndiyo maana ilichaguliwa. Kwa washtakiwa, ubongo wa mbele ulitumia sukari kidogo. Lakini hao ni wauaji waliokuwa tayari wanadai kuwa wagonjwa. Muuaji wa kukodiwa anayepanga kwa miezi na kuhesabu pesa zake hayumo humo.

Wanaume ndio wanaojaa jela. Ni testosteroni?

Homoni hii ya kiume inachangia kwa sehemu ndogo. Wafungwa wa makosa ya ukatili wameonekana kuwa nayo zaidi katika baadhi ya tafiti, lakini homoni hii hupanda pia baada ya ushindi na mashindano. Ni vigumu kujua kipi kimetangulia, ugomvi au homoni.

Vibaka wa mtaani kwetu nao wana tatizo la ubongo?

Wengi wao wana tatizo la kuwa na miaka 17. Makosa hupanda ujanani kisha hushuka karibu kila nchi iliyohesabu, na sehemu ya mbele ya ubongo huendelea kukomaa hadi miaka ya ishirini na kitu. Terrie Moffitt, ambaye naye ametumia data za Dunedin, alitofautisha mwaka 1993 kundi dogo linaloanza utotoni na kuendelea maisha yote na kundi kubwa la vijana wanaopita humo kisha wanaacha wenyewe. Maelezo ya kibaiolojia yanafaa zaidi kwa lile kundi dogo. Kumchoma kibaka moto kwa tairi ni kumhukumu yule wa kundi kubwa, mara nyingi.

Mbona mifano yote ni ya Wazungu?

Swali hili nalisubiri kila mwaka. Sisi tumo, lakini tuliingizwa vibaya.

Hospitali ya Mathari, Nairobi, iliongozwa kuanzia 1938 hadi 1950 na daktari J. C. Carothers. Aliandika kwamba Mwafrika hatumii vizuri sehemu ya mbele ya ubongo wake, akamfananisha na Mzungu aliyekatwa ubongo wa mbele kwa upasuaji. Shirika la Afya Duniani lilimchapishia kitabu chake 1953. Mwaka uliofuata serikali ya kikoloni ya Kenya ilitoa kijitabu chake kuhusu saikolojia ya Mau Mau. Watu walionyang'anywa ardhi na kupinga, daktari akawatafutia kasoro kichwani. Ni Lombroso na Villella upya, safari hii kusini ni sisi. Frantz Fanon, daktari wa akili mwenzake, alimjibu kwa ukali, na alistahili.

Kisa kizuri kinatoka baharini kwetu: Mauritius. Watoto 1,795 wa miji ya Vacoas na Quatre Bornes walipimwa wakiwa na miaka mitatu. Mtoto alivalishwa vifaa vya masikioni na kuwekewa vipimo vya jasho vidoleni. Mlio mmoja ulifuatwa na kelele ya kushtua, mwingine haukufuatwa na kitu. Watoto wengi baada ya muda walianza kutoa jasho wakiusikia tu ule mlio wa kwanza, maana wamejifunza kuogopa. Baadhi hawakujifunza. Miaka 20 baadaye, 137 walikuwa na hatia, na kama kundi ndio ambao wakiwa na miaka mitatu vidole vyao vilibaki vikavu.

Ukiishia hapo utakata tamaa. Lakini watoto 100 kati yao waliwekwa kwenye shule maalumu za awali kwa miaka miwili: maziwa, juisi ya matunda, chakula cha moto chenye samaki, kuku au kondoo, mazoezi, walimu waliofunzwa. Walipofika miaka 23, waliokiri kufanya makosa walikuwa pungufu kwa karibu asilimia 35 kuliko wenzao wasiopata. Waliofaidika zaidi ni walioingia wakiwa na utapiamlo. Sahani ya samaki nayo ni baiolojia.

Halafu kuna risasi, madini haya yanayotumika kwenye betri. Huko Cincinnati, Marekani, watoto waliokuwa na risasi nyingi damuni walikamatwa na polisi zaidi walipokuwa watu wazima, na picha zilionyesha ubongo wao wa mbele umepungua. Wakazi wa Owino Uhuru, Mombasa, waliishi kwa miaka jirani na kiwanda cha kuyeyusha betri kuukuu. Mahakama iliamuru mwaka 2020 walipwe shilingi bilioni 1.3. Sitabiri uhalifu wa mtoto yeyote wa pale. Ninachouliza ni kwa nini tunapotafuta kasoro za ubongo tunakwenda kwa mtoto kabla ya kwenda kwenye bomba la moshi.

Mtu akisema mahakamani "ni jeni zangu", anaachiwa?

Haachiwi, ila anaweza kupunguziwa. Huko Trieste, Italia, mahakama ya rufani mwaka 2009 ilimpunguzia muuaji mmoja mwaka mmoja, MAOA ikiwa mojawapo ya sababu. Mwaka huo huo Tennessee, Marekani, baraza la wazee wa mahakama lilikataa kumtia mtu hatiani kwa mauaji ya kukusudia baada ya kusikia kuhusu jeni na utoto wake wa mateso. Hata hivyo alipewa miaka 32.

Kwetu, sheria za adhabu za Tanzania kifungu cha 13 na Kenya kifungu cha 12 zinauliza kitu kingine: wakati wa tendo, ugonjwa wa akili ulimzuia mtu kuelewa anachofanya, au kujua kwamba hapaswi kukifanya? MAOA inayofanya kazi kwa uvivu haijibu swali hilo. Uvimbe wa ubongo huenda ukalijibu, inategemea kesi.

Tunamchunguza mchumba wa binti yetu. Ukoo wao una mtu aliyefungwa, na mwingine ana kifafa. Tuendelee?

Kifafa kiondoeni kwenye mazungumzo. Aliyekihusisha kwa nguvu na uhalifu ni Lombroso yule yule, alipoona fuvu halitoshi. Ni ugonjwa wa ubongo wenye dawa, si dalili ya tabia. Kuhusu mjomba aliyefungwa, rudini kwenye namba za Denmark, kisha mwangalieni kijana mwenyewe: akikasirika anafanya nini, pesa ya mtu ikibaki mkononi mwake inakwenda wapi.

Mwalimu, nimesoma kwamba wahalifu wana mapigo ya moyo ya taratibu. Yangu ni 56. Niogope?

Huulizwa mara tu baada ya kipindi, wakiwa wameshika vifundo vya mikono yao na kuhesabu. Ni kweli kwamba Sweden, kati ya vijana zaidi ya 700,000 waliopimwa wakiingia jeshini, wenye moyo wa taratibu zaidi walikuwa na hukumu nyingi zaidi za ukatili kuliko wenye moyo wa haraka zaidi, kwa tofauti ya asilimia 39. Inadhaniwa kwamba mwili usioshtuka haraka hautishiki haraka, au unatafuta msisimko.

Lakini Uingereza walipowapima wataalamu wa kutegua mabomu, waliokuwa wametunukiwa nishani za ushujaa ndio moyo wao ulitulia zaidi. Wakimbiaji wa mbio ndefu nao ni hivyo hivyo. Wewe hukimbia asubuhi?